Kanuni ya Programu Huria na Hiari ya Mtumiaji: Funzo la Kura ya Debian ya 2022

  Nawashukuru waandaaji kwa kuuleta mjadala wa programu huria katika ukumbi wa watu wote, maana kwa kawaida hufanywa na waundaji wa programu peke yao, ilhali matokeo yake humfikia kila anayewasha kompyuta.

Kusudi langu ni kulijibu swali moja. Mtu anapochukua mfumo endeshi huria, yaani mfumo ambao msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu kuubadili, je, wanaoutengeneza wana haki ya kumzuia asichanganye humo programu zilizofungwa? Wapo wanaosema wana haki, na wajibu pia, kwa kuwa mfumo huria uliochanganywa na programu zilizofungwa umeshapoteza maana. Wapo wanaosema mashine ni mali ya mtumiaji, basi na achague mwenyewe. Mimi nitadai kwamba kila upande umeshika ncha moja tu ya jambo. Kanuni ya programu huria inamfaa mtumiaji pale inapomjulisha kilichomo ndani ya mashine yake, ikamwekea njia ya kukikataa, na ikamwachia nafasi ya kukibadilisha baadaye. Ikiishia kumnyima tu, haijamkomboa. Na hiari isiyo na kanuni nyuma yake huwa imeshaamuliwa na wengine kabla mtumiaji hajafika. Ushahidi wangu mkubwa ni kura iliyopigwa na mradi wa Debian mwaka 2022.

Niruhusuni kwanza nieleze kanuni zenyewe zilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman alikuwa mtengenezaji wa programu katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Maabara ilikuwa na printa ambayo watu wake waliibadilishia programu ili iwape taarifa karatasi zinapokwama. Ilipokuja printa mpya ya leza kutoka Xerox, programu yake ilikuja bila msimbo chanzo, na marekebisho ya namna ile hayakuwezekana tena. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi mzima ulio huru, na mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Taasisi hiyo imekuwa ikiueleza uhuru huo kwa vipengele vinne: kuiendesha programu kwa shughuli yoyote, kuichunguza na kuibadili, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia wengine nakala ulizozibadili. Leseni ya GPL, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1989, iliulinda uhuru huo kisheria: uliyepokea nakala huna ruhusa ya kumnyima anayekufuata kile ulichopewa. Wanasheria mliomo humu mtaona uzuri wa jambo hilo, kwa sababu hakimiliki, ambayo kazi yake ni kuzuia, ndiyo iliyotumika kuruhusu.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Lazima kiunganishwe na maelfu ya programu nyingine, na mkusanyo wa namna hiyo ndio mafundi wanaouita distro. Ian Murdock alitangaza mkusanyo wake, Debian, tarehe 16 Agosti 1993. Mwaka 1997 mradi huo ulipitisha Mkataba wa Kijamii wenye vifungu vitano tu. Cha kwanza kinaahidi kwamba Debian itabaki huru kwa asilimia 100. Cha nne kinasema vipaumbele vya mradi ni watumiaji na programu huria. Cha tano kinakiri kwamba baadhi ya watumiaji wanahitaji kazi zisizotimiza vigezo vya uhuru, na kinazitengea eneo lake nje ya mfumo rasmi. Angalieni kifungu cha nne kwa makini. Watumiaji na programu huria wametajwa pamoja, wala haikusemwa nani atangulie siku matakwa yao yatakapopingana. Siku hiyo ilikuja, na mabishano yalidumu miaka mingi.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba hiari huhitaji kanuni ili iwe hiari ya kweli. Oktoba 2012 kampuni ya Canonical ilitoa toleo la 12.10 la Ubuntu, distro iliyojengwa juu ya Debian. Katika toleo hilo, maneno aliyoyaandika mtumiaji kutafuta faili kwenye kompyuta yake mwenyewe yalipelekwa pia kwenye seva za Canonical, kisha akaletewa bidhaa za Amazon katika matokeo. Aliyetaka angeweza kukizima kipengele hicho, na watetezi wake walilitaja jambo hilo kama ushahidi kwamba hiari imeheshimiwa. Lakini watu wengi hutumia kompyuta kwa mipangilio waliyoikuta, kwa hiyo anayeweka mipangilio ya awali ndiye anayechagua kwa niaba ya wengi. Stallman alilipinga jambo hilo hadharani, na akakiita kipengele kile programu ya upelelezi. Kilichowaokoa watumiaji ni kwamba msimbo ulikuwa wazi. Watu waliona kinachofanyika, wakaeleza jinsi ya kukiondoa, na distro nyingine zikaendelea kutumia msingi uleule wa Ubuntu bila kipengele hicho. Kufikia toleo la 16.04, mwaka 2016, kilikuwa kimezimwa tangu mwanzo, na anayekitaka ndiye akiwashe. Hapo kanuni ndiyo iliyoirudisha hiari kwa mwenyewe. Anayesema "mwacheni mtumiaji achague" bila kudai msimbo uwe wazi anamtaka mtumiaji achague asichokiona.

Sasa nije kwenye hoja ya pili, na hapa nitakaa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo kanuni yenyewe ilipokwama. Ndani ya kompyuta yenu kuna kompyuta ndogo nyingi. Kadi ya waifai ina prosesa yake, vivyo hivyo kadi ya picha, diski, na siku hizi hata kadi ya sauti. Kila moja huendeshwa na programu yake ya ndani, na hiyo ndiyo huitwa programu dhibiti. Karibu zote zimefungwa: mtengenezaji hatoi msimbo chanzo. Zamani programu hiyo iliandikwa kiwandani ndani ya chipu, ikakaa humo maisha yote ya kifaa. Baadaye watengenezaji waliona ni nafuu kuweka kumbukumbu ndogo isiyohifadhi kitu umeme unapokatika, kisha mfumo endeshi upakie faili la programu dhibiti kila kompyuta inapowashwa. Kwa mtumiaji kazi ni ileile, na msimbo umefungwa vilevile. Kilichohama ni mahali unapohifadhiwa.

Kuhama huko kulizua mgawanyiko mkubwa. Kwa mujibu wa msimamo wa Free Software Foundation, programu dhibiti iliyokaa ndani ya chipu na isiyokusudiwa kubadilishwa huhesabiwa kama sehemu ya saketi, na kifaa chenye nayo kinaweza hata kupewa cheti cha taasisi hiyo cha Respects Your Freedom. Ileile ikija kama faili, huhesabiwa kuwa programu iliyofungwa, na distro inayoileta haiwekwi katika orodha ya distro huru. Nataka niutendee haki msimamo huo, maana una mantiki. Wanasema kwamba kitu ambacho hata mtengenezaji mwenyewe hawezi kukibadilisha hakimpi mtengenezaji mamlaka juu ya mtumiaji kumzidi mtumiaji mwenyewe, ilhali faili linalobadilishwa na upande mmoja tu linampa mamlaka hayo. Hilo ni kweli kinadharia. Lakini tuangalie yaliyotokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brescia, Italia, waliandika programu dhibiti huria ya baadhi ya kadi za waifai za Broadcom, wakaiita OpenFWWF. Waliweza kwa sababu kadi zile zilipokea faili kutoka nje. Qualcomm Atheros nayo iliufungua msimbo wa programu dhibiti ya baadhi ya kadi zake za USB, zile zinazotumia kiendeshi (programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa) cha ath9k_htc, na wenye kadi hizo wakaweza kupakia programu huria bila kununua kifaa kingine. Kadi ambayo programu yake imechomwa ndani ya chipu haina njia hiyo. Kipimo kinachokisifu kifaa kisichobadilika na kukikataa kinachobadilika kinampunguzia mtumiaji kile kipengele cha pili cha uhuru, cha kuchunguza na kubadili.

Mfano mzito zaidi ulikuja Januari 2018, ulimwengu ulipotangaziwa kasoro za Spectre na Meltdown katika prosesa. Sehemu ya tiba ilikuwa kusasisha maelekezo ya ndani ya prosesa yenyewe, na masasisho hayo kutoka Intel na AMD ni faili zilizofungwa. Prosesa tayari inayo maelekezo yaliyofungwa tangu kiwandani. Anayekataa sasisho kwa jina la uhuru hapati prosesa huru. Anabaki na maelekezo yaleyale yaliyofungwa, ila ya zamani na yenye kasoro. Mtu mzima aliyeelezwa haya yote anaweza kukataa akitaka, na nitaitetea haki yake. Nisichoweza kukitetea ni mfumo unaomfichia kwamba sasisho lipo.

Hoja ya tatu inahusu nani aliyebeba gharama ya msimamo mkali. Debian ilipiga kura kuhusu programu dhibiti zilizofungwa mwaka 2004, 2006 na 2008, na kila mara ikapata njia ya kutoa toleo linalofuata bila kulimaliza suala lenyewe. Februari 2011, katika toleo la 6.0, kiini kilisafishwa na programu dhibiti zilizofungwa zikahamishiwa eneo la nje. Kwa wapenda kanuni ilikuwa siku ya furaha. Kwa mtumiaji mpya ilimaanisha kwamba kisakinishi rasmi kinaweza kusimama katikati na kumwomba alete faili kwenye flashi ili waifai ifanye kazi, na faili lenyewe liko kwenye intaneti, ambayo bila waifai hawezi kuifikia. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina hata tundu la waya wa mtandao. Mradi wenyewe ulilijua tatizo, ukawa unatengeneza pia visakinishi visivyo rasmi vyenye programu dhibiti hizo, lakini ukaviweka mahali ambapo mgeni havioni kwa urahisi. Yaani waliokuwa na ujuzi walijua njia ya pembeni, na gharama ikawaangukia wasio na ujuzi.

Mzigo mkubwa zaidi uliwaangukia watumiaji wasioona. Kisakinishi cha Debian kinaweza kumsomea mtu kwa sauti kila hatua, nayo ni kazi nzuri inayostahili sifa. Lakini kadi za sauti za laptopu mpya zilipoanza kudai programu dhibiti kutoka nje, sauti ikanyamaza, na mtu asiyeona hakuwa na njia ya kuusakinisha mfumo bila msaada wa jirani. Steve McIntyre, mmoja wa watengenezaji wa Debian walioshughulika na visakinishi kwa miaka mingi, alilitaja jambo hilo alipoanzisha mjadala wa 2022. Nawaomba mlipime vizuri. Kanuni iliyotungwa ili mtu aitawale kompyuta yake ilimfikisha mahali asipoweza hata kuianza. Na mafundi mliopo hapa mnajua kinachofuata mtaani. Mteja amenunua laptopu ya mtumba, amesikia habari za Linux, akaijaribu, waifai haikuonekana. Anarudi kibandani kupigiwa Windows, mara nyingi nakala isiyo na leseni, na hapo amepoteza vipengele vyote vinne vya uhuru kwa ajili ya faili moja la kadi ya waifai.

Ndipo watengenezaji wa Debian, ambao idadi yao ni takribani elfu moja duniani kote, wakapiga kura. Mapendekezo yalikuwa sita, na mpiga kura aliyapanga kwa mfuatano wa anavyoyapenda. Kwa kuwa lililoshinda linaubadili Mkataba wa Kijamii, lilihitaji watatu waliounga mkono kwa kila mmoja aliyepinga, nalo likafikia kiwango hicho. Matokeo yalitangazwa mwanzoni mwa Oktoba 2022. Kifungu cha tano cha Mkataba kiliongezewa sentensi inayoruhusu visakinishi rasmi kubeba programu dhibiti zisizo sehemu ya mfumo wa Debian, kwa ajili ya vifaa vinavyozihitaji. Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023 ikiwa na vifurushi zaidi ya 64,000, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuutekeleza uamuzi huo. Na kilichonivutia zaidi ni masharti yaliyofungamanishwa na ruhusa hiyo. Programu dhibiti zilizofungwa zilitengewa eneo lake zenyewe, zisichanganywe na programu nyingine zilizofungwa, ili anayehitaji kadi ya waifai asilazimike kufungulia mlango programu nyinginezo. Kisakinishi kinatakiwa kumwonyesha mtumiaji ni programu dhibiti zipi zimepakiwa, huria na zilizofungwa, na taarifa hiyo ihifadhiwe katika mfumo aliousakinisha. Tena, kila inapowezekana, iwepo njia ya kulikataa jambo zima kabla kisakinishi hakijaanza. Ni kama dawa inayouzwa na karatasi yake ndani ya boksi: mgonjwa anatibiwa, na anajua alichomeza.

Hoja ya nne ni fupi, nayo ni lawama. Miongoni mwa mapendekezo sita lilikuwamo lililotaka mradi uendelee kutoa visakinishi viwili, kimoja huria kitupu na kingine chenye programu dhibiti, vyote kwa heshima sawa. Halikushinda. Lililoshinda lilibakiza kisakinishi kimoja. Najua sababu zake: visakinishi viwili ni kazi maradufu kwa watu wanaojitolea, na mgeni akiwekewa viwili hajui achukue kipi. Hata hivyo, leo anayetaka kukataa programu dhibiti zilizofungwa lazima ajue kuandika firmware=never katika mstari wa kuwashia kisakinishi. Mtu anayeyajua hayo ni mjuzi tayari. Kwa hiyo uamuzi uliohamisha usumbufu kutoka kwa mgeni umeupeleka kwa mwenye msimamo, na umeifanya haki ya kukataa iwe ya wajuzi. Naunga mkono kura ile kwa msingi wake, lakini naona haki ya kukataa ilistahili swali la wazi kwenye skrini, kwa maneno ambayo mtu wa kawaida anayaelewa, na jibu la ndiyo au hapana.

Sasa niyajibu mapingamizi, maana najua yamo humu ukumbini. La kwanza na zito kuliko yote linasema hivi: ukimpa mtumiaji programu dhibiti zilizofungwa kwa urahisi, umemwondolea mtengenezaji wa vifaa shinikizo la kufungua msimbo. Nalikubali kwa sehemu. Lakini tuulize ni shinikizo gani lililowahi kufanya kazi. Mradi wa OpenBSD, unaoongozwa na Theo de Raadt, uliendesha kampeni ya miaka mingi kuwataka watengenezaji wa kadi za waifai watoe nyaraka na ruhusa. Msimamo wake ni kwamba viendeshi vilivyofungwa, ambavyo huendeshwa na prosesa kuu ndani ya kiini cha mfumo, havipokelewi kabisa, na mikataba ya usiri haisainiwi. Programu dhibiti inayokaa ndani ya kifaa inapokelewa, mradi ruhusa ya kuisambaza ipo. Free Software Foundation yenyewe ilimpa de Raadt tuzo yake ya mwaka 2004 kwa juhudi za namna hiyo. Kwa upande wa Linux, AMD ilianza kutoa nyaraka za kadi zake za picha mwaka 2007, na Broadcom ikatoa kiendeshi huria cha waifai mwaka 2010. Naamini kampuni hizo zilisukumwa na wingi wa watumiaji na wateja wakubwa waliokuwa wameshaingia Linux, na wingi huo haupatikani kwa kumfungia mgeni mlango. Shinikizo lina nguvu linapowekwa mahali pake, na mahali pake ni msimbo unaoendeshwa na prosesa kuu, ule wenye uwezo wa kusoma kila kitu cha mtumiaji.

Hata hivyo, nisiifiche hatari. Mei 2022, miezi michache kabla ya kura ya Debian, kampuni ya NVIDIA ilifungua msimbo wa viendeshi vyake vya kiini cha Linux, na watu wengi wakashangilia. Sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na kiendeshi ilikuwa imehamishiwa katika programu dhibiti, ambayo imebaki imefungwa. Hapo mpaka ulisogezwa kimyakimya, kiendeshi kikawa huria na siri ikateremka chini. Kwa hiyo anayesema ruhusa ya programu dhibiti inaweza kuwa kichaka cha kufichia mambo makubwa ana ushahidi mkononi. Jibu langu ni kwamba ndiyo sababu taarifa ni sharti lisilojadiliwa. Mfumo unaomwonyesha mtumiaji ukubwa na idadi ya vitu vilivyofungwa ndani ya mashine yake mwaka hadi mwaka unaweza kuonyesha kwamba siri inakua. Mfumo unaovikataa vyote kwa pamoja, kisha ukaachwa na watu, hauna wa kumwonyesha.

Pingamizi la pili ni la mteremko: leo waifai, kesho kivinjari kilichofungwa, keshokutwa kila kitu. Wasiwasi huo ungekuwa wa haki kama ruhusa ingetolewa kwa mazoea. Imeandikwa ndani ya Mkataba, imetaja programu dhibiti na si kitu kingine, na kuipanua kunahitaji tena watatu kwa mmoja. Miaka ya nyuma, ruhusa zilipotolewa toleo kwa toleo kwa sababu ya dharura, ndipo mteremko ulipokuwa karibu. Na tusisahau kwamba GNU yenyewe ilizaliwa kwenye udongo uliofungwa. Vifaa vyake vya mwanzo, kikiwemo kikusanyaji cha GCC kilichotoka mwaka 1987, vilitengenezwa juu ya mifumo ya Unix yenye leseni funge, kwa sababu mfumo huria haukuwepo bado. Stallman alilieleza jambo hilo waziwazi: kutumia kilichofungwa ili kukitengenezea mbadala kulikubalika. Kilichoitenga hatua hiyo na kusalimu amri ni kwamba nia na mpaka vilijulikana.

La tatu ni lile linalosemwa sana kwetu: mtumiaji wa kawaida hajali, hatasoma msimbo maisha yake yote, basi uhuru huu ni anasa ya wataalamu. Nalijibu kwa mfano wa hapa nyumbani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisini zikizungumza Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo hawakuhitaji kwenda kumbembeleza mwenye kampuni, kwa sababu leseni ilikuwa imeshawapa ruhusa. Mwalimu anayeandika mtihani kwa programu ya Kiswahili hajasoma msimbo hata mstari mmoja, lakini anafaidi uhuru uliotumiwa na mwingine kwa niaba yake. Uhuru wa kubadili hutumiwa na wachache na kuwafikia wengi, ndiyo maana siwezi kukubali uondolewe kwa hoja kwamba wengi hawautumii kwa mikono yao.

Niangalie mbele kidogo kabla sijampa Mwenyekiti kipaza sauti. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa zilizo katika orodha maalumu, hivyo kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa haziruhusiwi kuipokea. Ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba zinapozitoa mashine hizo, nyingine huingia katika masoko yetu ya mitumba. Zitakuja zikiwa na nguvu ya kutosha kwa shule, zahanati na ofisi za kata, na zitahitaji mfumo endeshi unaosasishwa. Kwa visakinishi vya mwaka 2011 tungewapoteza watu hao kwenye hatua ya waifai. Kwa vya sasa tunaweza kuwapokea. Wakati huohuo Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imekuwa ya kwanza kuzihudumia rasmi prosesa za RISC-V, ambazo maelekezo yake ya msingi ni kiwango kilicho wazi, na mtengenezaji yeyote anaweza kuyatumia bila kulipia leseni. Hazijawa tishio kwa Intel madukani, lakini zinaonyesha kwamba uwazi unaweza kushuka hadi kwenye chipu, kule ambako kwa miaka mingi tuliambiwa si mahali pa kuuliza.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili, moja kwa vyuo na moja kwa serikali na halmashauri. Vyuo vyetu vina vijana wanaoweza kutafsiri na kuboresha skrini za visakinishi, na swali la ndiyo au hapana nililolizungumzia linaweza kuandikwa na mwanafunzi aliyemo humu, likapelekwa Debian kama pendekezo la kawaida, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Serikali na halmashauri nazo, zinapotangaza zabuni za kompyuta, ziongeze kipengele kimoja katika fomu: muuzaji aorodheshe kila programu dhibiti inayohitajika, leseni yake, na kama inaruhusiwa kusambazwa pamoja na mfumo endeshi huria. Hakuna anayekatazwa kuuza. Anatakiwa kusema tu. Orodha hizo zikikusanywa kwa miaka kadhaa, tutajua ni kampuni zipi za kununua kwao na ni zipi za kuandikia barua, na tutakwenda mezani tukiwa na idadi ya mashine tulizonunua. Nimewaachia waandaaji rasimu ya kipengele hicho, ukurasa mmoja tu. Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mjadala uanzie kwenye maneno ya rasimu hiyo, na mafundi wapewe nafasi ya kwanza kusema.